Giza la Kutengeneza: Picha za Mwanga Mchache Garissa

Katika picha ya mwanga mchache, sehemu kubwa ya sura huachwa gizani kwa makusudi. Taa moja humulika upande mmoja wa uso, upande wa pili huzama kivulini, na nyuma ya mtu hapaonekani kitu. Mtindo huu ni mkongwe kuliko kamera: Caravaggio wa Italia na Rembrandt wa Uholanzi waliutumia kwa rangi za mafuta katika karne ya 17. Mahitaji yake ni taa moja, mtu mmoja anayeweza kutulia, na chumba chenye giza. Mjini Garissa taa inanunulika na mtu hakosekani. Kazi ni giza.

Mji uko karibu kabisa na ikweta, na jua lake linatosha kuuzwa kwa jumla: kituo cha umeme wa jua kilichozinduliwa mwishoni mwa 2019 kina uwezo wa megawati 50. Anayetaka giza saa nane mchana anashindana na hilo. Studio iliyoezekwa mabati huwa na matundu ya misumari iliyolegea, na kila tundu huangusha doa la mwanga linalopenda kutua puani mwa mteja. Akisogezwa kiti, doa humfuata. Baada ya dakika kumi liko sikioni. Matundu yakishazibwa, hubaki mlango. Kila anayepita hufunua pazia kutoa salamu, na salamu haikatazwi.

Chumba kikishafungwa chote, linaingia joto. Miezi ya Februari na Machi mchana hupita nyuzi 35, na feni haifai kwa sababu hupeperusha kitambaa cha nyuma. Hata hivyo jasho lisilaumiwe haraka. Kwenye ngozi nyeusi kinachochora umbo la uso ni mng'ao, kwa hiyo unyevu kidogo juu ya shavu ni msaada. Ukizidi, paji la uso hugeuka doa jeupe ambalo hakuna programu ya kompyuta itakayolirudisha. Leso ikae karibu.

Kitambaa cheusi si tatizo katika mji wa mabuibui. Soko Mugdi kinapatikana cha kila aina. Ila kitambaa laini cha buibui hung'aa, na kwenye picha hutoka cha kijivu chenye mikunjo. Mahameli humeza mwanga vizuri zaidi. Umbali nao husaidia: mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo kitambaa kilicho mita 3 kutoka kwenye taa hupata sehemu moja tu ya tisa ya mwanga unaoupata uso ulio mita 1. Bahati mbaya vyumba vya kukodi havikujengwa na mtu aliyeijali hesabu hiyo.

Siku ya Ijumaa huja shida ya aina yake. Msaidizi hufika na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, husimama kando ya mteja akiwa ameshika stendi, na kivuli chote hutoweka. Mpiga picha hupunguza nguvu ya taa, husogeza mwavuli, hubadilisha lenzi, hufungua kitabu cha maelekezo. Msaidizi akitumwa chai, kivuli hurudi. Kanzu ile hurudisha mwanga kwa ustadi kuliko vifaa vingi vinavyouzwa Nairobi, na siku ya picha za arusi, zinazotaka mwanga laini, aitwe yeye kabla ya kununua chochote.

Kamera yenyewe haina imani na giza. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Kikiona weusi umejaa, huamua kuna kasoro na kuongeza mwanga, hadi kitambaa kiwe kijivu na uso uwe karatasi. Kwa hiyo mpiga picha hupanga mwenyewe: shata 1/125, ISO 100, lenzi f/8, kisha hupiga picha moja ya majaribio bila flashi. Ikitoka nyeusi tititi, chumba kiko tayari.

Mama aliyevaa buibui jeusi akikaa mbele ya kitambaa cheusi, picha hutoka na uso mmoja na mikono miwili yenye hina, vyote vikielea pasipo mwili. Familia hazipendi hivyo. Dawa ni taa ndogo ya pili nyuma ya bega, ichore mstari mwembamba kutoka kichwani hadi mkononi. Ili isimwagike kwingine huvishwa kopo la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili na kupakwa rangi nyeusi ndani. Kopo hilo lifungwe kwenye flashi. Likifungwa kwenye balbu ya moto, rangi huanza kunuka na mteja huanza kukohoa.

Sura inayolipa usumbufu wote huu ni ya mzee mwenye ndevu za hina. Taa ikikaa ubavuni, juu kidogo ya macho, ndevu huwaka kama kaa la moto, na kila mkunjo wa paji hupata kivuli chake. Shida ni shavu. Baada ya alasiri mashavu ya baadhi ya wazee huwa na tonge la miraa, na mwanga wa ubavuni hulikuza mpaka anayetazama picha huulizia jino. Mwaka 1941 mjini Ottawa, mpiga picha Yousuf Karsh alimpokonya Winston Churchill biri mdomoni, akafyatua kamera papo hapo, na uso ule wenye ghadhabu ukazunguka dunia nzima. Karsh hakufanya kazi Garissa. Hapa mzee huitwa ami kwa Kisomali: "Adeer, shavu lile la pili ndilo zuri zaidi," na taa ikahamia upande mwingine.

Linabaki suala la malipo. Mteja aliyezoea pazia lenye ghorofa za Dubai huitazama karatasi nyeusi, huhesabu sikio moja, kisha hutaja bei inayolingana. Hoja yake si ngeni. Cecil B. DeMille alipotengeneza filamu ya *The Warrens of Virginia* mwaka 1915, inasimuliwa kwamba mshirika wake Samuel Goldwyn alilalamika kuwa wenye sinema wakionyeshwa nusu ya mwigizaji watalipa nusu. DeMille akajibu kwamba huo ni mwanga wa Rembrandt. Goldwyn akasema kwa Rembrandt watalipa mara mbili. Jibu hilo halifui dafu Garissa. Mteja huuliza huyo Rembrandt ana duka upande gani wa soko.

Kinachosaidia ni kumwonyesha picha iliyokamilika kabla hajakaa, bei ikatajwa hapo hapo. Na wanaotaka picha za pasipoti wapigwe kwanza, kabla kitambaa cheusi hakijatundikwa, kwa sababu hizo hudaiwa nyuma nyeupe na uso mzima.