Matanga ya Wakariri

Tangu NEBOSH, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979, ilipouondoa mtihani wa ukumbini katika cheti chake cha kimataifa cha usalama na afya kazini wakati wa korona mwaka 2020, baadhi ya waliofuzu zamani wamevaa sura za matanga. Enzi zao mtahiniwa alimeza orodha, akazitapika karatasini kwa saa mbili, akaenda zake. Siku hizi anapewa kisa cha mahali pa kazi na muda wa saa 24, vitabu vikiwa wazi mbele yake, aseme palipooza ni wapi. Eti ni mteremko. Labda, ila juu ya jukwaa la mafundi, ghorofa ya saba, hakuna anayekatazwa kufungua kanuni, na ubao uliolegea haumuulizi mtu alikariri nini.

Wapo wenye hoja nzito zaidi: saa 24 zinatosha kumpigia simu binamu mjuzi. Kweli, na ndiyo maana yakaja mahojiano baada ya mtihani, ambayo binamu hawezi kuyahudhuria bila kubadili sura. Tena ipo sehemu ya pili, ya kubaini katika eneo halisi la kazi hatari zisizopungua 10, za aina 5 au zaidi. Wala mwajiri anayelia kwamba cheti kimeshuka hadhi hahitaji kumpeleka mtahiniwa mbali: kimetundikwa ukutani kwake, juu kidogo ya mtungi wa kuzimia moto uliogeuzwa kigingi cha mlango.