Risala kwa Mheshimiwa Jalidi

Kamwene, Mheshimiwa Jalidi, Mgeni Rasmi wetu wa kila kipupwe. Itifaki imezingatiwa: kabichi wamekaa mstari wa mbele kwa kuwa hawakuogopi, nyanya wako nyuma wamejifunika gubigubi, na maharage wameomba udhuru.

Sisi wenye bustani wa Njombe na Makete tumeona aibu. Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, unatutembelea bila kudai posho, bila msafara wala king'ora, na hakuna aliyewahi kukusomea risala. Unachoambulia ni laana. Mtu anafungua mlango alfajiri, anakuta majani ya viazi yamevaa nyeupe. Ikifika saa nne, jua likishapanda, yamelegea na kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na maneno yanayomtoka hayafai kurudiwa mbele ya hadhira hii. Leo tunasafisha jina lako.

Kwanza, wanaodai kwamba unavizia wanakusingizia. Taarifa ya ujio wako hubandikwa angani tangu jioni, pahali ambapo kila mtu anaona: mawingu yametoweka, upepo umelala, nyota zinasongamana. Mawingu yangekuwepo yangerudisha chini sehemu ya joto ambalo ardhi inalipumua usiku, na upepo ungechanganya hewa baridi ya chini na ile ya juu yenye uvuguvugu. Vyote viwili vikikosekana, joto linapaa na kupotea, nawe unaingia. Wapo wanaosubiri kipimajoto kisome sifuri ndipo watoke na blanketi. Hao hawajakusoma vizuri. Jani hutoa joto lake angani haraka kuliko hewa inayolizunguka, hivyo kipimajoto kilichoning'inizwa usawa wa kifua kinaweza kusoma nyuzi 3 huku majani ya chini yameshaganda.

Pili, unawapenda watu wa chini. Wakubwa wengine hutafuta mlima wajenge. Wewe ukishafika mlimani unashuka. Hewa baridi ni nzito, huteremka polepole na kutuama bondeni, na bondeni ndiko viliko vinyungu vyetu, zile bustani za kiangazi tunazolima kwa sababu ardhi yake haikauki. Yaani mahali pekee penye maji wakati wa kiangazi ndipo ulipochagua kulala. Jirani aliye mteremkoni, mita chache tu juu, anachuma nyanya mpaka anagawa. Aliye kinyunguni anahesabu mabua. Na kuna wale wenye bustani za mteremkoni waliopanda ua mnene upande wa chini, wakidhani wanakuzuia usiingie. Umeshaingia kwa juu, Mheshimiwa, na ua huo sasa unakunyima njia ya kutokea. Tumewashauri waache pengo.

Kuhusu wasifu wako wa kimataifa, muda hautoshi, lakini ziara moja lazima itajwe. Julai 1975 ulipita usiku mmoja katika jimbo la Paraná, Brazili, ukaunguza mibuni kwa mamia ya mamilioni. Bei ya kahawa ikapaa duniani, ikapanda mpaka 1977, na huku kwetu Afrika Mashariki ambako hukukanyaga hata jani moja usiku ule, watu wakatajirika. Soko la magendo la Chepkube, mpakani mwa Kenya na Uganda, likajaa magunia ya kahawa na noti. Waliojenga nyumba za bati kwa fedha zile hawajakutumia hata salamu. Wakulima wa milima ya Andes, Peru na Bolivia, wana adabu zaidi: wao hukutandikia viazi nje kwa makusudi, usiku unavigandisha, mchana wanavikanyaga kwa miguu vitoe maji, wanavianika, na wanapata chuño, kiazi kikavu kinachokaa ghalani kwa miaka. Sisi kiazi ulichokigandisha huwa tunampa nguruwe.

Hata hivyo, utamu wa kabichi ya Njombe ni kazi ya mikono yako, na tunalisema wazi ingawa anayesifiwa ni mfanyabiashara anayeipeleka Dar es Salaam. Kabichi, sukuma wiki na karoti zikiona baridi hulimbikiza sukari ndani yake, kwa maana maji yenye sukari huchelewa kuganda. Kwa lugha nyepesi, wanakula sukari kwa hofu yako.

Sasa tuje kwenye sifa inayotushangaza kuliko zote, nayo ni unyenyekevu. Wewe uliyeiangusha Paraná unasimamishwa na tambara. Si ukuta wala bunduki. Blanketi la mtumba lenye tundu katikati, gunia, au kanga mbili zilizochakaa zilizounganishwa, maandishi yakitazama juu ili nawe usome ujumbe. (Chandarua hakitoshi, hicho kilitengenezwa kwa ajili ya mbu.) Na tambara lenyewe halina joto lolote. Linachofanya ni kulizuia joto ambalo udongo ulilipokea mchana lisikimbilie kwa nyota. Ndiyo maana hutandikwa kabla giza halijaingia, na pindo zake hushuka mpaka chini pande zote. Mtu anayelifunga shinani mwa mche mithili ya skafu anaupendezesha tu. Nailoni nayo ikilalia jani, hapohapo ilipogusa ndipo unapopita, kwa hiyo tunachomeka vijiti kwanza. Asubuhi tunafunua, kwani jua la saa nne chini ya nailoni linaweza kumaliza kazi ambayo wewe uliiacha.

Tumejifunza pia kukuandalia mapokezi tangu alasiri. Udongo uliomwagiliwa hutunza joto la mchana vizuri kuliko udongo mkavu, ambao umejaa hewa. Madumu ya maji yakipangwa kati ya matuta huachia joto lake taratibu usiku kucha. Jambo lililomkera bibi shamba wetu ni la matandazo. Yeye alitufundisha, na ni kweli, kwamba nyasi juu ya udongo huhifadhi unyevu; lakini usiku wako nyasi hizohizo hulifungia joto la ardhi chini, na mche uliosimama juu yake unabaki peke yake na anga. Kwa hiyo jioni ya nyota tunazisogeza kando, naye bibi shamba akipita tunamwambia zimechukuliwa na ng'ombe.

Changamoto hazikosekani. Kuna mzee mmoja anayekesha akichoma majani mabichi ili moshi ukufukuze. Moshi haukufanyi lolote. Joto la ardhi linaupenya na kwenda zake, na kidogo kinachosaidia ni ule moto wenyewe. Hadi sasa aliokwisha kuwafukuza ni popo wa kwenye dari yake. Tunaomba umvumilie.

Mheshimiwa, tunamalizia na maombi yetu, ambayo ni madogo. Ziara za Julai ziendelee, maana kabichi wanazihitaji, ila kwenye nyanya na pilipili hoho tunaomba upunguze itifaki na upite bila kusimama. Njegere zikiwa na maua, tafadhali ahirisha. Majani yake yanakustahimili, maua hayawezi. Na ukilazimika kuja siku ileile ya harusi, basi tujulishwe kwa nyota mapema, kwa sababu mablanketi yote ya kijiji yatakuwa yamepelekwa kwa wageni, na hatujapata mwenye ujasiri wa kumvua shemeji blanketi usiku wa manane akafunike nyanya.