Fundi wa Video

Hongera bwana unayefumua injini uani. Hedi umeshusha, picha ukoo mzima umeziona. Sasa umefika kwenye bolti ya puli ya krenki, nayo haina habari na video zako. Umening'inia kwenye bomba la futi sita, krenki inazunguka nawe tu, maana hakuna aliyeizuia. Eti ungejua, ungeegemeza spana kwenye chesisi upige stata! Kwa Honda Civic ya miaka ya 1990? Injini hiyo huzunguka kinyume na nyingi; stata ingeikaza bolti zaidi. Pale kwa fundi matairi kuna mashine ya upepo ya kufungulia nati. Meza aibu, bwana, ita vijana wasukume gari.