Lenzi Mpya, Jua Lile Lile
Lenzi ya kuvuta ya milimita 24–105 yenye f/4 ndiyo punda wa mpiga picha wa Dodoma: asubuhi mahafali ya UDOM, mchana Nyerere Square, usiku sendofu. Ile ya 24–70 yenye f/2.8 huingiza mwanga maradufu, lakini hupunguza milimita 35 za kuvutia mbali. Pengo hilo huzibwa kwa miguu. Mwanga wa ziada hufaa ukumbini. Nje, jua la saa saba halijawahi kuomba msaada. Vumbi la kiangazi nalo huzivamia zote mbili bila kuuliza bei. Mteja hutumiwa picha kwa WhatsApp, inayozibana zote sawasawa. Kinachoonekana wazi, hata bila kuvuta, ni deni la lenzi mpya.