Mjomba, Nimekuwa Mwingereza

Mjomba,

Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba mpwa wako sasa ni raia wa Uingereza. Usishtuke, ugali bado naula kwa mkono.

Ada ya maombi yenyewe imepita pauni 1,600. Kabla yake kuna mtihani: maswali 24 kwa dakika 45, ukipata 18 umefaulu. Nimekariri wake wote sita wa Henry VIII, walioachwa na waliokatwa vichwa. Jirani yangu, mzaliwa wa hapahapa, aliwataja watatu akaishiwa, na yeye hakuna anayemuuliza.

Halafu wanakuhesabia siku. Katika miaka mitano usiwe nje ya nchi zaidi ya siku 450, na mwaka wa mwisho usizidishe 90. Mwambie Shangazi ndiyo sababu nilikosa arusi ya bintiye. Yale maringo anayonisingizia sina.

Siku ya kiapo tulijaa ukumbini tumependeza kama Idi. Nikamwapia Charles III, na warithi wake, hata wasiozaliwa bado. Wakwe zangu hawakunibana hivyo! Kando yangu alikuwepo Mkenya wa Mombasa. Yeye, kwa katiba yao ya 2010, ameuongeza uraia huu juu ya ule wa kwao. Mimi sheria yetu ya Tanzania hainipi viwili: kushika huu ni kuuachia ule.

Utauliza nimefaidi nini. Kura hapa nilikuwa napiga tangu zamani, maana Mtanzania mkazi huruhusiwa kwa kuwa tumo Jumuiya ya Madola. Nilichopata ni usingizi. Bahasha ya serikali ikidondoka mlangoni, moyo haunipasuki tena.

Ila kuja Tanga sasa ni kwa viza, dola 50. Fomu inataka mwenyeji, nimekuandika wewe. Sababu ya safari nimejaza "matembezi", kwa kuwa kwenda nyumbani hawakukuweka.

Kuhusu ile minazi ya Babu kule Pongwe, ni kweli asiye raia hana haki ya ardhi huko sawa na raia. Lakini hiyo seng'enge nasikia umeshaanza kuizungushia, Mjomba, ingengoja kwanza. Dada yako bado ni Mtanzania.