Natafuta Mtaliano wa Kupiga Naye Soga

Ni nani aliyewadanganya watu kwamba lugha ya kigeni hupatikana bure, ukizungumza tu na watalii? Namtafuta huyo. Mimi ni mkazi wa Malindi, na maneno hayo yangekuwa na ukweli wowote, hata mbuzi wa mji huu wangekuwa wakigombana kwa Kitaliano. Wataliano tunao tangu miaka ya 1960, walipokuja kuweka kituo chao cha roketi pale Ngomeni. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka baharini kwetu mwaka 1967. Wenzao wakafuata, wakajenga mahoteli, wakafungua mikahawa ya piza na maduka ya aiskrimu, na wengine wakanogewa wakahamia kabisa. Walimu tele, ada hakuna. Ndivyo tulivyoambiwa.

Haya, vaa shati lako lililopigwa pasi, shuka ufukweni, umsalimie mmoja. “Buongiorno, signora.” Signora ataukumbatia mkoba na kusema “No, grazie” hata salamu haijakutoka yote. Hukumuuzia kitu. Hukutaja bei. Umemtakia asubuhi njema tu, naye keshaikataa. Ukithubutu kumuuliza ametoka mji gani, ndiyo kwanza anakaza mwendo.

Lakini lawama zangu simpelekei yeye, nampelekea Vasco da Gama. Bwana huyo alitia nanga hapa mwaka 1498 akitafuta wa kumwonyesha njia ya India, akapewa rubani, akavuka salama mpaka Calicut. Tangu hapo kila mgeni anayeshuka Malindi huamini kwamba mwenyeji aliyesimama hana kazi nyingine ila kungoja ampeleke mahali kwa malipo.

Wale wanaokubali kusimama nao wana lao jambo. Wamekuja kujifunza Kiswahili! Mimi “Come sta?”, yeye “Mambo!” Mimi “Di dove siete?”, yeye “Hakuna matata!” Tunavutana hivyo, kila mmoja kashika lugha ya mwenzake hataki kuiachia, na mwisho anashinda yeye, maana ndiye aliyelipa nauli ya ndege. Nimewahi kumsahihishia ngeli mfamasia mmoja wa Bologna, tumesimama juani, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Nikarudi nyumbani sina neno jipya hata moja, na ujira wa ualimu sikupewa.

Nikasema basi, dawa ni wale wastaafu waliohamia. Hao wana wakati. Yuko mmoja pale sokoni anayepatana bei ya nyanya na mama mboga kwa Kigiriama, wanataniana, wanacheka. Nilipomwendea na Kitaliano changu alinisikiliza kwa adabu zake zote, kisha akanijibu kwa Kiswahili kwamba yeye Italia aliikimbia kwa sababu ya maneno mengi. Akachukua kikapu chake akaenda zake.

Kitabu ninacho, nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba. Kinanifundisha kuuliza treni ya Bologna inaondokea jukwaa gani. Malindi reli yenyewe haijafika. Kinanifundisha kununua stempu na kulalamika kwamba supu imepoa. Ukurasa wa “Mimi siuzi kitu, signora, nataka mazungumzo tu” sijauona mpaka leo.

Sasa watazame vijana wa bichi. Kuna mmoja anachonga majina ya watalii kwenye vibao vya kutilia funguo, kisu mkononi, unga wa mbao umemjaa magotini. Kitabu hana, na darasa la Kitaliano hajaliona hata kwa dirishani. Lakini kaa umsikilize! Anabembeleza, anabisha, anaapa, anauliza hali ya Napoli kwenye ligi, anamsalimia bibi mmoja na kumpa pole ya goti aliloumia mwaka jana. Yote kwa Kitaliano, na jina linaendelea kuchongwa. Nikamwomba siri yake. Hakuinua hata macho.

“Mzee wangu, mimi nisiposema leo, silali na kitu tumboni. Wewe usiposema unakosa nini?”

Nikakosa jibu, si kwa Kitaliano wala kwa Kiswahili. Halafu, kwa heshima zote, akaniomba nisogee kidogo kwani namfukuzia wateja.

Na hata hicho kidogo ninachookota hakikai. Wataliano huja na kaskazi, mwezi wa Desemba. Masika yakianza, mahoteli mengi yanafunga, walimu wangu wote wanapanda ndege. Wakirudi Julai, mimi nimebaki na hesabu ya moja mpaka kumi na “piano piano”. Mama watoto ananitazama nikirudia hesabu hiyo mbele ya kioo.

“Baba watoto, hicho Kitaliano chako mwakani ukitie kwenye friji.”

Kwa hiyo natangaza rasmi. Mtaliano yeyote mwenye nafasi, mimi nakaa kibarazani kwangu kila siku baada ya sala ya alasiri. Kahawa ipo, kaimati zipo. Sina mashua, sina shanga, sina binamu mwenye duka la vinyago. Karibu sana. Ila nakuomba kitu kimoja: Kiswahili chako kiache hotelini.