Mwalimu, Pumzika Basi

Novemba ikiingia, kila mtu anaijua dawa ya mwalimu aliyechoka. Apumzike. Anywe maji mengi. Ajifunze kusema hapana. Ushauri mzuri kabisa, na hutolewa kwenye semina ya Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, mahudhurio ni lazima.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi sabini sabini, anasikiliza huku mkobani ana insha mia mbili na kumi. Kidato cha Nne wamo kwenye mtihani wa taifa, Kidato cha Pili nao wana upimaji wao, na zamu ya wiki imemwangukia yeye. Alama za maendeleo zinatakiwa kwenye mfumo leo, na mfumo umelala. Angalau yupo mmoja aliyefuata ushauri.

Hapana amwambie nani? Mkuu wa shule haombi wala haamrishi. Husema tu, “Mwalimu, wewe ndiye mzoefu,” kisha faili hubaki mezani.

Wala msidhani hakumbukwi. Tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, alipewa fulana na akahutubiwa kuwa ualimu ni wito. Neno tamu hilo, hasa kwa mwajiri, maana wito haudai posho ya saa za ziada.

Likizo inaanza Desemba. Wiki ya kwanza ameshapangiwa: aandae maazimio ya kazi ya Januari, na kama muda utaruhusu, apumzike.